Mwashi Aliyeramba Ukuta

Fundi mzee hakutoa futi wala penseli. Alisimama kwenye ukumbi wa chini, akaukwangua ukuta kwa ukucha, akatia ule unga mweupe kwenye ncha ya ulimi, kisha akatema pembeni.

"Chumvi," akasema. "Hii saruji mlipiga mwaka gani, mwanangu?"

Nikamwambia 2016. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa baada ya kumaliza waganga wote. Hiyo ilikuwa Februari 2021, na mimi nilimwita kwa mambo mawili tu: atupe bei ya kupaka rangi, maana ilikuwa inabanduka kwa mara ya tatu, na amtulize mama. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la hapa kwetu Mji Mkongwe, Unguja, iporomoke tarehe 25 Disemba 2020, jumba likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha, mama alikuwa hataki kulala juu. Kila boriti ikilia usiku anashuka na mto wake.

Nyumba ni ya bibi yangu mzaa mama. Ipo Kiponda, ndani kabisa ya vichochoro, gari haifiki, mfuko wa saruji unaingia begani au kwa mkokoteni. Ina ghorofa moja, ua mdogo katikati, na kuta nene kiasi cha mtoto kujilaza dirishani akalala. Bibi alipofariki 2014, nyumba ikabaki ya warithi saba. Mwenye nyumba yake peke yake anaweza kuamka asubuhi akabomoa jiko. Kwetu sisi hata kubadilisha kitasa ni kikao.

Mwaka 2016 kikao kiliamua nyumba iwe ya kisasa, na vyumba viwili vya juu tuvipangishe wageni. Tukapata fundi kutoka Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, kijana hodari, nyumba za matofali anazijenga vizuri mpaka leo. Alizitazama kuta zetu, zimefura huku zimebonyea kule, akasema dawa yake ni kuzinyoosha kwa plasta ya saruji. Tukaibomoa chokaa yote ya chini. Ikapigwa saruji nzito, na juu yake rangi ya mafuta, krimu. Ghorofani tukatandaza vigae vya kung'aa. Idi ile watu walikuja kutazama nyumba kama wanaokuja kutazama bibi harusi.

Masika ya mwaka uliofuata ukuta ukaanza kutoka majipu. Rangi inavimba, ukilitoboa lile jipu kwa kidole unakuta unga. Tukakwangua, tukapaka. 2019 tukakwangua tena, tukapaka, na safari hiyo tukauziwa rangi ya kuzuia maji, ghali kupita zote. Hiyo ndiyo iliyowahi kubanduka kuliko zote, vipande vizima vizima, kama ganda la yai la kuchemsha.

Sasa fundi mzee akauliza swali ambalo katika miaka ile mitano sikumsikia mtu akiliuliza, si fundi, si muuza rangi, si sisi warithi saba: "Maji ya ukuta huu yanaingilia wapi, na yanatokea wapi?"

Nikamjibu kwamba hatutaki yatoke, tunataka yasiwepo. Akacheka. Akavuta kiti, akatufundisha nyumba yetu wenyewe.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Chini ya ukuta hakuna nailoni wala lami ya kuzuia unyevu kama wanavyofanya kwenye nyumba za matofali siku hizi. Ukuta umekaa juu ya ardhi, na ardhi yenyewe ipo hatua chache kutoka baharini. Maji yanapanda ndani ya jiwe kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Waliojenga walilijua hilo, wakayaachia maji njia. Plasta ya chokaa ina vitundu. Maji yakifika usoni mwa ukuta yanakauka kwa upepo, chumvi inabaki nje kama vumbi, mtu anafagia na kupaka chokaa mpya, basi. Saruji imebana. Ukiuvika ukuta kama ule, maji hayana pa kutokea, yanazidi kupanda kutafuta upenyo, na chumvi inakomaa nyuma ya plasta mpaka inaisukuma ikapasuka.

"Mmemvalisha mtu koti la mvua saa sita mchana," akasema, "halafu mnamuuliza kwa nini anatoka jasho."

Nikakumbuka. Enzi za bibi alama ya unyevu ilikuwa chini ya goti. Siku ile ilikuwa imenifika begani.

Ukuta ulinikera tu. Boriti ndizo zilizonitia hofu. Sakafu za juu kwenye nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, zimepangwa karibu karibu, na ncha zake zimechomekwa ndani ya ukuta huku na huku. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, na hakuna mwashi wa kubishana na mkoko. Katikati ya boriti unapaona, ukipagonga panalia kama chuma. Ile ncha iliyo ndani ya ukuta huioni, na ukuta ukilowa nayo inalowa. Fundi alipanda ngazi na bisibisi, akaisukuma pale boriti inapoingia ukutani. Ikazama mpaka kwenye mpini, bila nguvu, kama kisu kwenye halua. Chumba cha mbele kilikuwa na boriti 19. Alizipitia zote, na sita zilikuwa hivyo.

Na juu ya boriti hizo ndipo tulipotandaza vigae. Akachimba pembeni mwa mlango, kitundu cha ukubwa wa sahani, tukahesabu kama wanaohesabu tabaka za keki: sakafu ya chokaa ya asili, juu yake saruji nyekundu ya ujana wa bibi, juu yake saruji nyingine ambayo hakuna aliyeikumbuka, kisha zege letu la 2016, kisha kigae. Kila kizazi kimeweka tabaka lake na hakuna aliyeondoa la mwenzake. Zege letu peke yake lilikuwa inchi mbili, ili vigae vikae sawa. Chumba cha futi 10 kwa 20, inchi mbili za zege ni karibu tani mbili. Tulikuwa tumeegesha gari juu ya kichwa cha mama, tukaliita ukarabati.

Jioni ile ile tulisimamisha mirunda ya kuzibeba boriti za chumba cha mbele, na mama akahamia nyuma.

Kwa hiyo nikiulizwa siku hizi na mtu anayetaka kukarabati aanzie wapi, namwambia atafute mtu wa kuitazama nyumba na amlipe siku yake kwa kutazama tu, kabla hajazungumza rangi, vigae wala bei. Sisi tulimlipa fundi mzee kutwa mbili na nauli. Ndizo pesa ndogo kuliko zote tulizotumia na ndizo zilizofanya kazi kubwa kuliko zote. Fundi unayemwita atoe bei atakutajia bei ya kazi uliyomtajia. Ukisema rangi, atakupa bei ya rangi. Yule wa 2016 hakutudanganya hata kidogo. Sisi ndio tuliomwambia tunataka kuta zilizonyooka.

Lile swali lilikuwa na nusu ya pili. Ardhi peke yake haileti maji mengi kiasi kile, fundi alisema, lazima pana mwingine anayechangia. Wa kwanza tulimpata siku hiyo hiyo: mlizamu wa paa ulikuwa umevunjika mdomo, na mvua yote ya upande wa nyuma ilikuwa inautiririkia ukuta badala ya kurukia kichochoroni. Kipande cha bomba na saa moja ya kazi, yakaisha. Miaka mitano ya rangi, na dawa ilikuwa bomba.

Wa pili alikuwa jirani. Bafu lake limeegemea ukuta tunaoshirikiana, na upande wetu, usawa wa bafu lile, ukuta haukauki hata kiangazi. Hapo pana mtihani, maana unamwambiaje mtu mliyekula naye futari miaka 30 kwamba maji ya bafu lake yanakula nyumba yako? Kaka alitaka kumwandikia barua. Mama akamzuia, akaenda mwenyewe na sahani ya visheti. Jirani akasema bafu lake zima, maji yatakuwa yetu. Basi fundi mzee akashauri buluu ya kufulia. Jirani akakubali, nadhani ili kutunyamazisha. Ikakorogwa ndoo nzima, ikamwagwa bafuni kwake. Siku ya nne ukuta wetu ukatoa doa la samawati, kubwa kama kitambaa cha mkono. Jirani akaja kulitazama, akajishika kiuno, akasema, "Haya jamani, yameniumbua." Tukagawana gharama ya kulitengeneza bafu, na visheti vikaendelea.

Kibali nacho. 2016 tulifanya kazi kimya kimya kama wezi, na kosa hilo ni letu. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ilianzishwa 1985; hakuna asiyejua kwamba huruhusiwi kubomoa na kubandika unavyotaka. Safari hii tulikwenda wenyewe na michoro. Kaka alikasirika kuambiwa habari ya madirisha ya alumini asahau. Seremala alipoyafungua madirisha ya zamani ya msaji, kumbe yameoza vipande vya chini tu, panapokaa maji. Akachonga vipande vipya, akaunga, akapiga mafuta. Yamesimama, na kaka sasa anawaonyesha wageni kama aliyachonga yeye.

Kazi yenyewe ilianza Juni, masika yalipokwisha. Fundi mzee ndiye aliyechagua mwezi, na mpaka leo namshukuru kwa hilo zaidi ya mengine yote. Chokaa haipendi mvua ya masika wala haipendi jua kali la kaskazi. Ikilowa kabla ya kushika inaporomoka, ikikaushwa haraka inapasuka. Kwa hiyo alipanga hivi: Juni tubandue saruji na tuloweke chokaa, Julai boriti, ukuta ukae uchi unapigwa na upepo mpaka Septemba, plasta iingie kabla ya vuli. Mtu wa haraka hapo anatafuta fundi mwingine.

Kubandua saruji ndiko kulikouma. Mashine ya kuvunjia hakuitaka kabisa. Tindo na nyundo ndogo tu, kwa sababu saruji ikishika jiwe la matumbawe inaondoka nalo. Hata kwa tindo mawe mengine yalitoka na saruji, ukuta ukabaki na mashimo kama meno ya mzee. Mashimo yakazibwa kwa vijiwe na chokaa, kimoja kimoja. Vigae na lile zege la juu vilishushwa kwa ndoo, na nilipouona ule mlima kichochoroni, ukingoja mkokoteni, ndipo nilipoelewa tani mbili maana yake nini.

Chokaa tuliizimia uani. Mawe ya matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu, ukiyamwagia maji yanachemka yenyewe, bila moto, yanafuka moshi na kunguruma. Fundi alifunga kitambaa usoni, akatufukuza sote, na watoto wakapelekwa kwa shangazi yao siku nzima, maana tone moja la ile kitu jichoni si mchezo. Kisha ikaachwa shimoni chini ya maji, imefunikwa, miezi mitatu. Kaka akawa anapita kila Ijumaa baada ya sala, anafunua, anachungulia, ananung'unika kwamba saruji unachanganya asubuhi na jioni ukuta umesimama. Septemba fundi alipotia mwiko, ilinyanyuka laini, nzito, inateleza, kama mtindi wa mgando.

Kipimo alichotumia ni karai moja la chokaa kwa matatu ya mchanga. Mchanga aliukagua kwa njia ile ile, ulimini. Mchanga wa pwani unakuja na chumvi yake, na wewe unahangaika kuitoa chumvi ukutani. Shehena ya kwanza aliyoletewa aliirudisha. Nilitaka kumwambia tuuoshe tu, tuutumie, maana mchanga Unguja si kitu cha kuchezea siku hizi, lakini nilikwishajifunza kunyamaza.

Plasta ilikwenda mikono mitatu, na kila mkono ulisubiri zaidi ya wiki. Magunia yaliyoloweshwa yakatundikwa mbele ya ukuta. Mama alijipa kazi ya kuyamwagia maji asubuhi na alasiri kwa kata, na akawa mkali nayo kuliko fundi. Ukichelewa kumletea ndoo unasikia jina lako mpaka kichochoroni. Mwisho ikapakwa chokaa nyeupe. Kuta hazijanyooka. Zimefura huku zimebonyea kule, kama alivyoziacha bibi.

Boriti tulibadilisha sita zile tu. Nne tulizipata kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa, kavu na ngumu mpaka msumeno unalalamika, na mbili tulinunua kwa mtu mwenye kibali, maana mikoko haikatwi ovyo. Alipozichomeka hakuziba kwa chokaa pande zote. Aliacha nafasi kidogo kuzunguka ncha, upepo upite.

Umeme usiusahau. Fundi umeme alikuta waya umezikwa ndani ya plasta mbichi, ganda lake limeliwa na chumvi. Sasa nyaya zote zinapita nje ya ukuta ndani ya mabomba ya plastiki. Hazipendezi, na mimi sijali.

Habari ya pesa nitaisema kwa ufupi kwa sababu inaniuma. 2016 tulimpa fundi nusu ya fedha siku ya kwanza, akaenda kwenye kazi nyingine wiki tatu huku nyumba iko wazi. Safari hii tulilipa kwa kutwa, kila Alhamisi jioni, kwa kazi tuliyoiona kwa macho, na vifaa tulinunua wenyewe. Mdogo wangu wa mwisho ndiye aliyeshika daftari. Kila karai, kila msumari, kila soda ya vibarua. Watu walimcheka. Ilipofika kugawana gharama baina ya warithi saba, daftari ndilo lililotuepusha kununiana. Na bado bajeti ilipasuka: kila milioni tuliyoipanga ilikula karibu laki tatu juu yake, kwa sababu nyumba ya zamani huijui bei yake mpaka uifungue. Vyumba vya wageni vilingoja mwaka mzima mwingine.

Rafiki yangu wa Mwanakwerekwe alinisikiliza yote haya akasema haya ni mambo ya watu wa Mji Mkongwe, yeye nyumba yake ya matofali na saruji. Sawa, chokaa haimhusu. Lakini alikuwa ananiambia hayo chini ya dari ya jipsamu mpya yenye doa la kahawia, na bati hajalipanda kulitazama tangu ahamie. Nilimuuliza maji yanaingilia wapi. Akanitazama kama mimi nilivyomtazama fundi mzee.

Yeye fundi sasa hapandi tena ngazi, magoti yamegoma, lakini anapita mara moja moja kunywa kahawa barazani na kukwangua ukuta kwa ukucha. Mama amerudi kulala juu. Alama ya unyevu imeshuka, ipo chini ya goti tena, na kila baada ya masika tunafagia unga na kupaka chokaa, kazi ya asubuhi moja. Pamebaki kona moja chini ya ngazi ambayo bado inatoka jasho kila mvua ikinyesha, na hatujajua ni kwa nini.

Mwezi uliopita kaka aliweka kwenye kundi la familia la WhatsApp picha ya vigae vya marumaru, akauliza kama tunaonaje tukiizibia kona ile. Watu wanne wakaweka dole gumba. Mama, ambaye huwa hajibu kitu kwenye kundi, akatuma sauti:

"Mwambieni aje airambe kwanza."